Uzito wa Kaunti Ndogo: Kumbukumbu za Lamu katika Njia ya Mswada

Mswada, kwa maana inayotumika katika Bunge la Kenya, ni andiko la sheria inayopendekezwa, ambalo halimfungi mtu yeyote mpaka lipitishwe na Bunge, liidhinishwe na Rais na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Vitabu vya uraia huieleza safari hiyo kama ngazi iliyonyooka, ambayo mswada huipanda daraja baada ya daraja, na maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo, kwa mtu anayeitazama ngazi hiyo kutoka Faza au Kizingitini, katika visiwa vya Lamu, daraja zake hazilingani kwa thamani, kwa kuwa ziko ambazo sauti ya visiwani hufika na kusikika, ziko ambazo hufika ikiwa imechelewa, na ziko ambazo kwa mujibu wa Katiba yenyewe haikusudiwi kufika kabisa. Uzoefu wa Lamu tangu Katiba ya sasa ilipotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 unaonyesha kuwa kaunti ndogo hupata uzito wake katika taratibu za Bunge zaidi kuliko katika mijadala yake, na kwamba asiyezijua taratibu hizo huishia kupiga kelele pale ambapo hakuna anayeandika.

Kumbukumbu zilizo msingi wa insha hii ni za kundi la watu wachache wa Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe, na wa visiwa vya jirani, mwandishi akiwa mmoja wao, ambao kwa miaka kadhaa walifanya kazi isiyokuwa na cheo wala mshahara: kuisoma miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza, kuifafanua kwa Kiswahili katika mabaraza na misikiti baada ya sala, kisha kuyageuza maneno ya wavuvi, wakulima na akina mama kuwa waraka unaoweza kupokewa na kamati ya Bunge. Waraka wa aina hiyo, ambao katika lugha ya Bunge huitwa memorandum, ni maandishi ya mwananchi au kikundi yanayotaja kifungu cha mswada, yanayoeleza kasoro yake na kupendekeza maneno mengine ya kuwekwa mahali pake. Kazi hiyo ilizaa matunda machache kuliko ilivyotarajiwa, lakini iliacha elimu ambayo haipatikani kwa kuisoma Katiba peke yake.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hesabu. Bunge la Kenya lina mabaraza mawili, yaani Bunge la Taifa na Seneti. Bunge la Taifa lina wabunge 349 mbali na Spika: 290 wa maeneobunge, wanawake 47 wanaochaguliwa mmoja kwa kila kaunti, na 12 wanaoteuliwa na vyama. Lamu, yenye maeneobunge mawili tu, Lamu Mashariki na Lamu Magharibi, ina viti vitatu humo ukijumlisha cha mwakilishi wa wanawake, idadi ambayo haiwezi kuupitisha mswada wala kuuangusha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika kaunti nzima, ilhali Nairobi ilikuwa na zaidi ya milioni nne, na katika baraza linaloongozwa kwa wingi wa vichwa hakuna ufasaha wa kuliziba pengo hilo.

Seneti imejengwa juu ya msingi mwingine. Ina maseneta 67 mbali na Spika wake, lakini inapojadili mswada unaohusu kaunti, Kifungu cha 123 cha Katiba kinaagiza kwamba kila ujumbe wa kaunti uwe na kura moja, ipigwe na kiongozi wa ujumbe huo, na kwamba jambo lisipite mpaka liungwe mkono na wingi wa jumbe zote za kaunti, yaani 24 kati ya 47. Hapo kura ya Lamu hulingana na ya Nairobi bila kuzidi wala kupungua. Usawa huo ulitungwa kwa makusudi na watu walioogopa kwamba ugatuzi, yaani ugawaji wa mamlaka kati ya serikali kuu na za kaunti, ungemezwa na maeneo yenye watu wengi. Nguvu yake ilidhihirika mwaka 2020, pale Seneti ilipokwama kwa wiki nyingi juu ya fomula ya kugawa mapato kati ya kaunti, na ikashindikana kabisa kuimaliza kazi mpaka Septemba, yalipofikiwa maafikiano ya kwamba kusiwe na kaunti itakayopunguziwa fungu lake. Lile halikuwa suala la mswada, bali la azimio, lakini kwa watazamaji wa pwani lilikuwa darasa kuhusu kile ambacho kura moja inaweza kufanya katika nyumba ambamo kura zote zinalingana.

Kutokana na hesabu hiyo, swali linaloonekana kuwa la makarani tu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote kwa Lamu: je, mswada huu unahusu kaunti au hauhusu? Kifungu cha 110 cha Katiba kinawataka maspika wa mabaraza yote mawili walijibu swali hilo kwa pamoja kabla ya baraza lolote kuanza kuujadili mswada. Wakikubali kwamba unahusu kaunti, mswada utapita katika mabaraza yote mawili, na yakitofautiana kuhusu maneno yake utapelekwa kwa kamati ya upatanishi, ambayo huundwa na idadi sawa ya wajumbe wa kila upande ili kutafuta andiko moja. Wakisema hauhusu, utashughulikiwa na Bunge la Taifa peke yake, na kura ya Lamu itabaki kuwa tatu kati ya 349. Kwa muda mrefu jambo hili lilichukuliwa kwa wepesi, na miswada mingi ikapita bila Seneti kuulizwa, hadi tarehe 29 Oktoba 2020 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba sheria 23 zilizopitishwa kwa namna hiyo zilikiuka Katiba, ikalipa Bunge miezi tisa ya kurekebisha mambo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ilitengua sehemu ya uamuzi huo, lakini somo lilikuwa limekwisha kusikika. Miswada ya fedha, ambayo ni ile inayohusu kodi, mikopo ya serikali na matumizi ya fedha za umma, imewekwa kando na Katiba yenyewe: Kifungu cha 114 kinaikabidhi kwa Bunge la Taifa peke yake. Mvuvi wa Pate anayelalamika kwa seneta wake kuhusu kodi ya mafuta ya mashine ya boti anabisha mlango usiokuwa wake, na si kosa lake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwonyesha mlango wenyewe.

Baada ya swali hilo kujibiwa, mswada huchapishwa katika Gazeti Rasmi, na kwa kawaida siku 14 hupita kabla haujasomwa kwa mara ya kwanza. Kusomwa kwa Mara ya Kwanza ni jina linalopotosha kidogo, kwa maana karani husoma kichwa cha mswada tu, pasipo mjadala wala kura, na mara hiyohiyo mswada hukabidhiwa kamati ya idara inayohusika, iwe ya ardhi, ya usalama au ya fedha. Mgeni aliyeketi katika roshani ya wageni angedhani kwamba halijatokea lolote. Kumbe ndipo mlango pekee wa mwananchi unapofunguliwa, kwa sababu Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe watu katika kazi yake na ya kamati zake, na Kanuni za Kudumu, ambazo ndizo kanuni zinazoongoza shughuli za ndani za Bunge, zinaipa kamati siku 20 za kukusanya maoni na kuleta ripoti. Mlango huo wafanana na mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao vyombo vinavyotoka Amu kwenda Faza huupita maji yakiwa yamejaa, na nahodha aliyechelewa hana budi kungoja au kuzunguka kwa nje ya bahari kuu.

Siku 20 ni nyingi mjini Nairobi na ni chache mno visiwani. Tangazo la kamati hutoka katika magazeti ya kitaifa, ambayo Kiunga na Ndau hayafiki kila siku, na ingawa simu za mkononi zimeipunguza shida hiyo, mswada wenye kurasa mia moja hausomeki kwenye kioo cha simu kwa mtu aliyekwisha kuzoea kuusoma mchanga na upepo lakini hakuzoea lugha ya wanasheria. Pale kamati zilipofunga safari kuja Lamu, vikao vilifanyika mjini Amu au katika makao ya serikali huko Mokowe, na kwa mkazi wa Kiwayu hiyo ni safari ya boti yenye kugharimu zaidi ya mapato ya siku nyingi za uvuvi. Waliozoea vikao hivyo walijifunza kutowasubiri wabunge, bali kutuma karani wao mapema kwenye vijiji, akusanye maneno, ayaandike, kisha ayapeleke kwa maandishi kabla muda haujakatika. Yalikuwa mazoea mazuri kuliko kuukodi mtumbwi wa watu 30 ili wakasikilizwe kwa dakika tatu kila mmoja.

Kulikuwa na ugumu mwingine ambao haukutokana na umbali. Lamu ni mji wenye desturi ya kale ya kushauriana. Mapokeo yanaeleza kwamba kabla ya utawala wa Unguja kuimarika katika karne ya 19, mji uliongozwa na baraza la wazee lililokutana katika jumba la Yumbe, na kwamba pande mbili za mji, Zena na Suudi, zilipokezana uongozi wa baraza hilo. Katika desturi ya namna hiyo neno hupimwa kwa hadhi ya msemaji, kwa ufasaha wake na kwa ukoo wake, na wanaoketi uwanjani Mkunguni, mbele ya Ngome, bado huyasikiliza maneno kwa masikio hayo. Kamati ya Bunge haipimi hivyo. Mzee anayeheshimiwa na mji mzima aliweza kuzungumza mbele ya kamati kwa ufasaha uliowatoa watu machozi, akaeleza dhuluma za ardhi tangu enzi za wakoloni, akashangiliwa, na ripoti ya kamati ikaja kulitaja jina la kaunti tu katika orodha ya mahali palipotembelewa, wakati waraka wa ukurasa mmoja ulioandikwa na kijana asiyejulikana, ukataja nambari ya kifungu na maneno ya kufutwa, ukapewa safu yake katika jedwali la mapendekezo pamoja na jibu la kamati. Wengi waliona huo ni utovu wa adabu. Huenda ni kweli. Lakini kamati huandaa jedwali la vifungu, na lisiloweza kuingia katika jedwali hupotea, hata likiwa la haki kiasi gani.

Lugha nayo ilichangia. Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi, na Kifungu cha 120 kinakiruhusu Bungeni pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, lakini miswada bado huandikwa kwa Kiingereza. Hali hiyo ina historia yake: mwaka 1974 mjadala wa Bunge ulihamishiwa kwenye Kiswahili kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, wabunge wakajikuta wanajadili kwa Kiswahili maandiko yaliyobaki katika Kiingereza, na mwaka 1979 Kiingereza kikarudishwa sambamba na Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba katika kisiwa ambacho Kiswahili chake kimetungiwa mashairi kwa karne kadhaa, mtu anayetaka kupendekeza neno moja libadilishwe katika mswada hulazimika kupata mkalimani, na mkalimani huyo, apende asipende, huwa mwamuzi wa lipi lipelekwe na lipi liachwe. Mamlaka hayo ya mkalimani hayamo katika Katiba, na ni makubwa.

Baada ya kamati kuleta ripoti, mswada husomwa kwa Mara ya Pili, na hapo ndipo wabunge hujadili shabaha yake kwa ujumla. Halafu Bunge hujigeuza kuwa Kamati ya Bunge Zima na kuupitia kifungu kwa kifungu, marekebisho yakipendekezwa na kupigiwa kura. Mwisho husomwa kwa Mara ya Tatu na kupitishwa au kukataliwa. Hotuba zinazorushwa katika redio na runinga ni za hatua ya pili, na ndiyo sababu watu wengi hudhani kwamba sheria hutungwa pale. Ukweli ni kwamba yaliyo mengi huwa yamekwisha kuamuliwa katika ripoti ya kamati, na yaliyosalia huamuliwa katika Kamati ya Bunge Zima, mara nyingi jioni, mbele ya wabunge wasiozidi sana akidi ya 50 inayotakiwa na Katiba. Kwa Seneti akidi hiyo ni 15.

Taratibu hizi zina adui mmoja mkuu, ambaye ni haraka, na Lamu ilimjua kwa uchungu mwaka 2014. Usiku wa tarehe 15 Juni mwaka huo mji wa Mpeketoni ulishambuliwa, na katika mashambulizi ya siku hizo watu zaidi ya 60 waliuawa katika kaunti. Amri ya kutotoka nje usiku iliyofuata, na iliyorefushwa mara kwa mara, iliwazuia wavuvi kuvua usiku, kazi ambayo kwao ndiyo riziki ya nyumba, na ikapunguza hata safu za sala ya Isha. Mwishoni mwa mwaka, baada ya mauaji mengine huko Mandera, serikali ilileta Mswada wa Marekebisho ya Sheria za Usalama, uliogusa sheria zaidi ya 20 kwa mkupuo mmoja. Mswada huo ulikamilisha safari yake Bungeni kwa muda usiofikia wiki mbili. Ulipitishwa tarehe 18 Desemba 2014 katika kikao cha fujo, ambamo karatasi zilichanwa na maji yakamwagwa, na Rais akautia saini siku iliyofuata. Kaunti iliyokuwa miongoni mwa sababu zake kubwa haikuwa na wakati wa kuuona, seuze kuutolea maoni, na kwa kuwa haukupelekwa Seneti, hata ile kura iliyo sawa na ya Nairobi haikupata kutumika.

Upinzani na watetezi wa haki walikwenda mahakamani, na tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane, kikiwemo kile kilichotaka wakimbizi nchini wasizidi 150,000 na kile kilichoweka adhabu kali juu ya uchapishaji wa habari na picha za mashambulizi. Wasomaji wengi wa uamuzi ule husimama hapo. Sehemu iliyowahusu zaidi watu wa mbali ilikuwa nyingine: mahakama haikukubali hoja kwamba mswada mzima ubatilishwe kwa uchache wa siku za kusikiliza umma, ikaona kwamba kwa mazingira yale ushirikishaji uliofanyika ulitosha. Vifungu vilianguka kwa kukiuka haki; haraka yenyewe haikuadhibiwa. Kwa maoni ya mwandishi, hapo mahakama iliipima siku kwa kipimo cha Nairobi, ambako mtu husoma gazeti asubuhi na kufika Bungeni kabla ya adhuhuri.

Saini ya Rais nayo ina utaratibu wake. Kifungu cha 115 kinampa siku 14 za ama kuidhinisha mswada ama kuurudisha Bungeni pamoja na maelezo ya anachokipinga. Bunge likiyakubali maelezo hayo huurekebisha mswada na kuupeleka tena. Likiyakataa, litahitaji theluthi mbili ya kura ili kuupitisha kama ulivyokuwa, na hapo Rais atakuwa na siku saba tu. Kwa miaka mingi hatua hii ilionekana kuwa ya heshima tu, lakini mwezi Juni 2024 iliamka. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliopitishwa tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106 huku vijana wakiandamana nchini na wengine wakiuawa kwa risasi, ulirudishwa siku iliyofuata ukiwa na pendekezo ambalo waandishi wa Katiba huenda hawakulifikiria: kwamba vifungu vyake vyote vifutwe. Mswada wa fedha haupiti Seneti, na wabunge watatu wa Lamu hawakuweza kuupindua wala kuuokoa; uliangushwa barabarani. Hata hivyo njia hiyo haifai kuhesabiwa kuwa sehemu ya utaratibu, kwa kuwa gharama yake ilikuwa maisha ya watu.

Mswada ulioidhinishwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi ndani ya siku saba na huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa kama wenyewe umetaja siku nyingine. Hapo vitabu vya uraia hufunga mlango. Kumbukumbu za Lamu zinaonyesha kwamba wakati mwingine ndipo unapofunguka. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999, na katika mabaraza ya Amu ya wakati ule haikuzungumzwa zaidi kuliko bei ya nazi. Ndani yake kulikuwa na vifungu vilivyoianzisha mahakama maalumu ya kitaifa ya mazingira na kumruhusu mwananchi kuipinga leseni mbele yake. Miaka 20 baadaye, tarehe 26 Juni 2019, mahakama hiyo iliifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, ikasema kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo katika tathmini ya athari zake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 30 Aprili 2018, Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kutokana na ujenzi wa bandari ya Lamu. Watu wa Lamu waliozitumia sheria hizo hawakuwa wamezitunga, walizikuta. Ni vigumu kuepuka wazo kwamba ziko nyingine pia, zilizopitishwa jioni fulani mbele ya wabunge hamsini na kitu, zinazongoja msomaji.

Kinyume chake ni sheria iliyongojwa kwa hamu na kuja taratibu. Ardhi ndiyo jeraha kongwe la Lamu: mwezi mmoja na nusu baada ya Mpeketoni, Rais alitangaza kufutwa kwa hati za ekari zipatazo 500,000 zilizokuwa zimegawiwa kampuni 22, na wengi wa wenyeji walishangaa zaidi kusikia kwamba hati hizo zilikuwepo. Katiba, katika Kifungu cha 63, iliiweka ardhi ya jamii mikononi mwa jamii zenyewe na kuliagiza Bunge litunge sheria ya kuitekeleza ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ikaisha mwezi Agosti 2015. Bunge likajiongezea mwaka mmoja, kama Katiba inavyoruhusu. Na Sheria ya Ardhi ya Jamii ikatiwa saini tarehe 31 Agosti 2016. Hapa muda haukukosekana. Yeyote aliyetaka kusema alikuwa na miaka sita ya kusema, na kwa kuwa mswada ulihusu kaunti, seneta wa Lamu alikuwa na kura yake kamili.

Lakini sheria hiyo ilipofika visiwani, ilikuja na mambo ambayo mabaraza hayakuwa yameyapima. Inataka jamii ijisajili, iwe na orodha ya wanajamii, na ichague kamati ya usimamizi wa ardhi yenye watu kati ya 7 na 15; nayo haikuweza kuanza kutumika kikamilifu kabla ya Waziri kutoa kanuni, ambazo ni sheria ndogo zinazoeleza fomu, hatua na ada, na ambazo zilitoka mwishoni mwa mwaka 2017. Kanuni za namna hiyo nazo hupelekwa Bungeni, kwa kamati inayoshughulikia sheria ndogo, na zisipowasilishwa ndani ya siku saba za vikao tangu kuchapishwa huwa batili; ni watu wachache mno wanaojua kwamba hapo pia maoni hupokewa. Gumu kuliko yote ni akidi: mkutano wa jamii hauwezi kuamua jambo mpaka wahudhurie theluthi mbili ya wanajamii. Kwa jamii ya wafugaji wanaokutana kisimani sharti hilo huenda likatimizika. Kwa Wabajuni wa Kizingitini na Mkokoni, ambao msimu wa kaskazi nusu ya wanaume wako dago, kambi za uvuvi zilizo mbali na nyumbani, au kwa Waaweer wa msitu wa Boni waliotawanywa na operesheni za usalama, theluthi mbili ni idadi isiyokusanyika.

Kifungu kile cha akidi kilikuwa wazi mbele ya kamati kwa miezi, na kulihitajika sentensi moja tu, yenye nambari ya kifungu na idadi mbadala. Njia iliyobaki sasa ni Kifungu cha 119 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge ombi la kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Sheria ya mwaka 2012 inayoongoza maombi hayo inakubali yaandikwe kwa mkono, kwa Kiswahili au Kiingereza, mradi lugha iwe ya staha na ombi litaje linachotaka. Na kamati inayokabidhiwa ombi hutakiwa kulijibu ndani ya muda uliowekwa. Rasimu ya ombi la namna hiyo haizidi kurasa mbili. Linalochukua muda ni kukubaliana, kati ya Faza, Kiunga na Mkokoni, ni idadi gani iandikwe mahali pa theluthi mbili: wapo wanaotaka nusu, wapo wanaosema hata theluthi moja ni nyingi wakati wa msimu, na wapo wanaohofu kwamba akidi ndogo itawapa wachache walio karibu na Amu nafasi ya kuiuza ardhi ya waliomo baharini.